Mshiriki wa Thelathini na Moja

Weka kidevu hapa, mzee Kvapil,
paji la uso liguse mpira.
Kichwa kitulie. Kupepesa, ruhusa.
Kwanza fuata vitone tisa kwa macho,
mashine ijue njia ya mboni zako.
Kipanya nacho tutakifuata nyayo
hadi utakapobofya.
Hapana, hakuumi kitu.

Akacheka, meno yote ya bandia:
“Miaka thelathini na minne nimegawa barua,
mbwa wote wa Brno wananijua kwa harufu,
uzeeni nije kufuatwa na kipanya?”

Nje theluji imechafuka kandokando ya reli za tramu.
Ndani, mvumo wa feni,
na kahawa yangu iliyopoa tangu mshiriki wa ishirini na tisa.

Swali la kwanza: tafuta hospitali.
Jicho likaruka
(jicho haliteleziki juu ya ramani, linaruka,
hilo ndilo nililofundishwa siku ya kwanza),
likatua, likaruka, likarudi kuhakikisha,
na kipanya nyuma yake
kama mtoto anayeburutwa sokoni.
Sekunde tatu.
Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchukua tano.

Swali la tisa: kituo cha reli kilicho karibu na bwawa.
Kipanya kilitii. Kilipanda, kikafika kituoni,
kikasimama hapo, kidole juu yake
kikining'inia bila kubofya.
Jicho halikuwa kituoni.
Jicho lilikuwa katikati ya maji,
kwenye buluu tupu isiyo na jina wala mstari,
mahali ambapo mchoraji hakuweka kitu
kwa kuwa hakuna kitu.
Likakaa. Sekunde nzima. Ya pili.
Kisha likaanza kutembea,
hatua ndogondogo, kushoto, kulia, kushoto,
kama mtu apitaye nyumba kwa nyumba
na mfuko begani.

Sikumwuliza. Utaratibu unakataza.
Alibofya kwenye sekunde ya kumi na nne.
Sahihi.

Ni yeye aliyesema, akivaa koti:
“Hiyo buluu yenu imeikalia Olšinka.
Nyumba arobaini na moja, kanisa, kinu cha Ryšánek.
Nilikuwa na miaka saba walipofunga mlango wa maji.
Asubuhi ile mama alifagia sebule.
Nyumba ya kuzama, binti, akaifagia
mpaka chini ya kabati.”
Akatia sahihi fomu ya nauli, akaondoka.

Usiku nilifungua ramani za joto.
Watu thelathini: wekundu juu ya majina,
juu ya njia panda, juu ya alama za hoteli;
bwawa kwao ni shimo lisiloguswa.
Yake peke yake ina doa majini,
linawaka kama jiko ambalo mtu amesahau kulizima.

Profesa Hejduk alitazama juu ya miwani.
“Kelele. Kamera imepotoka. Mfute.”
Kamera haijapotoka, nikasema, nimeipima mara mbili.
“Basi chukua kipanya, jicho liache.”

Macho hayana pazia. Mkono ndio uliotiwa adabu:
ukiulizwa kituo, unaonyesha kituo.
Hayo sikumwambia profesa. Nilisema, sawa,
nikaandika kwenye jedwali, mstari wa thelathini na moja:
*sahihi; amechelewa.*

Ila faili la jicho sikulifuta.
Nililicheza polepole, taa zimezimwa,
mlinzi akigongagonga funguo ukumbini,
nikawa nahesabu kila lilipotua juu ya maji.
Thelathini na nane.
Nikarudia. Thelathini na nane.
Nyumba tatu sijui alizipita bila kugonga,
au ndipo alipopepesa.